Kuweka Mpaka au Kuonyesha Mpaka: Uhakiki wa Tafsiri ya Kitenzi "Demarcate"

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri wa Kiswahili huyapita bila kusita, kwa kuwa kamusi imekwisha kumpa jibu na jibu lenyewe laonekana halina walakini. Kitenzi "demarcate" ni kimojawapo. Atakayekitafuta ataambiwa kwamba maana yake ni kuweka mpaka. Akitafuta "delimit", ataambiwa ni kuweka mpaka. Kitenzi "limit" nacho hurudishwa kwenye mlango uleule, labda kwa kuongezewa neno la kupunguza au la kuzuia. Hivyo vitenzi vitatu, vyenye asili mbalimbali na kazi mbalimbali, vimeelekezwa kwenye fungu moja la maneno mawili. Katika mazungumzo ya kawaida upungufu huu haumdhuru mtu. Katika sheria ya ardhi, katika mambo ya uchaguzi na katika tasnifu za chuo kikuu, jambo ni jingine, kwani huko kosa la neno laweza kuwa kosa la haki.

Makala haya yanashughulikia "demarcate" zaidi ya wenzake, na yanakitazama kikiwa kazini mahali pamoja, yaani Nunguni, katika vilima vya Kilungu, Makueni. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati. Katika nchi ya vilima ambamo shamba la familia moja huwa vipande kadhaa vilivyotawanyika mteremkoni, swali la nani aliuweka mpaka, na lini, ni swali ambalo watu wamelipeleka mbele ya wazee, mbele ya kamati na mbele ya mahakama.

Asili ya kitenzi

Kitenzi "limit" ndicho kikongwe. Chanzo chake ni neno la Kilatini "limes", lililokuwa na maana ya njia au ukingo unaotenga shamba na shamba, na baadaye likatumiwa kwa mpaka wa dola ya Kirumi. Kiingereza kilikipata kwa njia ya Kifaransa katika karne ya 14. "Delimit" kina shina hilohilo, ila kiliingia Kiingereza baadaye sana, katika karne ya 19, kikiwa na harufu ya ofisi za mabalozi.

Historia ya "demarcate" ni tofauti kabisa, na ndiyo yenye mafunzo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kitenzi hiki hakikuanza kama kitenzi. Iliyotangulia ni nomino "demarcation", nayo ilitolewa katika maneno ya Kihispania "línea de demarcación", yaani ule mstari ambao Papa Alexander VI aliuchora juu ya bahari ya Atlantiki tarehe 4 Mei 1493 ili kugawa kati ya Hispania na Ureno nchi ambazo watu wa Ulaya walikuwa bado hawajaziona. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Juni 1494, mataifa hayo mawili yaliusogeza mstari huo kwa Mkataba wa Tordesillas hadi masafa ya ligi 370 magharibi ya visiwa vya Cape Verde. Upande wa mashariki wa mstari ukawa wa Ureno, na mnamo 1498 merikebu za Vasco da Gama zikafika Mombasa na Malindi. Wareno walikuwa na desturi ya kusimika nguzo za mawe zenye nembo ya mfalme wao katika pwani walizofikia, na nguzo ya Malindi ingali inatembelewa. Kitenzi chenyewe, "demarcate", kilinyofolewa kutoka nomino hiyo mapema katika karne ya 19. Shina lake la ndani zaidi ni la Kijerumani cha kale, "marka", ambalo maana yake ilikuwa mpaka, na ambalo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la alama, "mark".

Basi ndani ya kitenzi hiki mna mambo mawili yaliyofumwa pamoja: mpaka na alama. Katika historia yake kitenzi kimeelea kati ya hayo mawili. Papa hakutia alama yoyote baharini, alitangaza tu. Lakini shina lenyewe ladai alama, jiwe, nguzo, kitu kinachoonekana. Waingereza wenyewe walikitumia kitenzi hiki ovyo kwa muda mrefu, mara kwa maana ya kuamua mpaka, mara kwa maana ya kuuonyesha. Waliokitia adabu ni wataalamu wa mipaka ya kimataifa, miongoni mwao Stephen B. Jones, aliyechapisha kitabu juu ya uwekaji wa mipaka mwaka 1945. Kwa mujibu wao, "delimit" ni kuueleza mpaka kwa maneno ya mkataba au kuuchora juu ya ramani, na "demarcate" ni kwenda shambani, porini au mlimani na kuuonyesha mpaka huohuo kwa alama zinazoonekana.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalitaja mstari unaotoka mlango wa mto Umba, ukapita ziwa Jipe, ukazunguka miguu ya kaskazini ya Kilimanjaro, hadi pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria katika digrii 1 kusini ya Ikweta. Waliopatana walikuwa London na Berlin. Mwaka huo mpaka ulikuwa umekwisha kutajwa, na hapakuwa na jiwe hata moja ardhini. Wamasai walioendelea kuchunga ng'ombe huku na huku hawakuwa wamevuka kitu chochote kinachoonekana. Akiulizwa mfasiri, je, mwaka 1886 mpaka ulikuwa umewekwa au haujawekwa? Kwa Kiswahili cha kamusi hana jibu, kwa sababu kitenzi alichonacho ni kimoja tu.

Upande wa Kiswahili

Kiswahili si maskini wa maneno ya mpaka. Neno "mpaka" lenyewe ni la Kibantu, wala halikuazimwa. Ushahidi uko katika lugha za bara. Sauti "p" ya Kiswahili hulingana na "v" katika Kikamba na "h" katika Kikikuyu, kama inavyoonekana katika kitenzi cha kupanda mbegu: Kiswahili "panda", Kikamba "vanda", Kikikuyu "haanda". Kwa kanuni hiyohiyo, Kiswahili kina "mpaka", Kikamba "mũvaka", Kikikuyu "mũhaka". Neno lililofuata kanuni za sauti za kila lugha kwa uaminifu namna hiyo halikuletwa na msafara wa wachuuzi juzi, lilikuwapo. Mkamba wa Nunguni na Mswahili wa Lamu wamerithi neno moja kwa mababu wa mbali.

Wako wanaopenda kulihusisha neno hili na kitenzi "paka", kama katika kupaka rangi au kupaka mafuta, kwa hoja kwamba mpaka ni kitu kilichopakwa juu ya nchi. Dai hilo lavutia, ila kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja, na Kiswahili kina "paka" nyingine anayekamata panya. Lililo hakika ni kwamba kitenzi kinachokwenda na nomino "mpaka" katika matumizi ni "pakana". Na hapa pana jambo ambalo wanakamusi wamelipita haraka mno. "Pakana" kina kiambishi cha kutendana, "-ana". Shamba hupakana na shamba. Kenya hupakana na Tanzania. Hakuna anayepakana peke yake. Kiswahili hakina kitenzi cha shina hili kinachompa mtu mmoja, au ofisi moja, uwezo wa kuutenda mpaka juu ya mwingine. Mpaka, kwa sarufi ya Kiswahili, ni uhusiano wa wawili.

Neno "mpaka" lina kazi ya pili, ya kihusishi: mpaka kesho, mpaka Machakos. Neno lenye asili ya Kiarabu, "hadi", lilipita njia hiyohiyo, kwani "ḥadd" katika Kiarabu ni mpaka, ni kikomo, na katika mantiki ni fasili ya kitu. Kazi hizo mbili za "mpaka" hutengwa na kiunganishi kidogo tu. Aliyelima mpaka mto amelima hadi akafika mtoni. Aliyelima mpaka wa mto ameupalilia mpaka wenyewe, na huenda akashtakiwa. Kikamba hakikutwisha "mũvaka" mzigo huu wote. Mara nyingi chenyewe hutumia "kũvika", yaani kufika, pale ambapo Mswahili husema "mpaka".

Ama kitenzi "weka", kina mambo yake. Mtu huweka kitabu mezani, huweka akiba, huweka msingi, huweka sheria. Katika yote hayo, kilichowekwa hakikuwapo hapo kabla ya kuwekwa. Hebu sentensi ijaribiwe: "Mpaka wa tangu enzi za babu uliwekwa jana na afisa." Sikio linakataa, au linasikia ugomvi. Sasa: "Mpaka wa tangu enzi za babu ulitiwa alama jana na afisa." Sikio linatulia. Tofauti ya sentensi hizi mbili ndiyo tofauti ambayo fungu "weka mpaka" haliwezi kuibeba.

Mwenye kulitetea fungu hilo atasema kwamba wapima ardhi kweli huweka kitu, yaani huweka bikoni. Sawasawa; lakini huyo amejibu swali lake mwenyewe. Kinachowekwa ni bikoni. Mpaka ni jambo jingine, na bikoni ni shahidi wake tu.

Kitenzi kinapofika Kilungu

Kenya ilikuwa na sheria mbili za kuandikisha mashamba ya wananchi, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ilitokana na mpango wa Swynnerton wa 1954 na ikapata umbo la sheria 1959. Chini yake, hasa katika nchi ya Wakikuyu, vipande vya mtu vilivyotawanyika vilikusanywa, akapewa shamba moja lenye eneo linalokadiriwa kuwa sawa na jumla ya vipande vyake. Ya pili ni Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968. Chini ya hiyo, kila kipande kiliandikishwa palepale kilipo, kwa jina la yule aliyethibitika kuwa na haki nacho. Katika Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, kazi kubwa ilifanywa kwa sheria hii ya pili.

Yafaa msomaji aone jinsi sheria ya 1968 inavyogawa vitenzi vyake. Mwenye kudai haki ametakiwa kuonyesha mipaka yake kwa afisa. Ndivyo isemavyo sheria: aonyeshe. Afisa naye ndiye anayetajwa kwa kitenzi "demarcate", na cheo chake kimetokana na kitenzi hicho. Kisha kamati ya watu wa mahali hapo huamua panapokuwa na ubishi. Baadaye daftari hufunguliwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi alete pingamizi lake, na asiyeridhika bado ana siku 60 nyingine za kukata rufani kwa waziri. Utaratibu huu wote umejengwa juu ya dhana moja, kwamba mpaka ulikuwapo kabla ya afisa kuwasili. Mwenye shamba anaujua, jirani anaujua, kazi ya serikali ni kuuona, kuutia alama na kuuandika.

Kama ni hivyo, basi katika mashamba yaliyokusanywa ilikuwa sahihi kabisa kusema serikali "iliweka mipaka", kwani mipaka ile ilikuwa mipya na ya zamani ilifutwa. Katika vilima vya Kilungu ilikuwa si sahihi. Fungu moja la Kiswahili limefunika sheria mbili zinazopingana katika jambo la msingi. Mkulima wa Nunguni anayeambiwa na mkalimani barazani kwamba maafisa wanakuja "kuweka mipaka" ana sababu ya kuogopa, maana anachokisikia ni kwamba mpaka wa baba yake hautambuliwi na kwamba mwingine waja kuletwa. Jirani yake mwenye tamaa anasikia maneno hayohayo na kupata matumaini. Wote wawili wamekielewa Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni mfasiri.

Haifai kutia chumvi hapa. Sheria ya 1968 nayo ilimpa afisa uwezo fulani wa kurekebisha mipaka na kutenga njia za kupitia, kwa hiyo hata kitenzi cha Kiingereza katika sheria hiyo hakikuwa safi kama wataalamu wa mipaka ya kimataifa wangependa. Pengine ugomvi kadhaa wa baadaye ulizaliwa katika mwanya huo. Hata hivyo, uwezo wa kurekebisha ni nyongeza juu ya kazi ya kutia alama, na mwenye kurekebisha hukiri kwamba kilichorekebishwa kilikuwapo.

Wakamba walikuwa na msamiati wao wa jambo hili kabla ya sheria yoyote. D. J. Penwill, katika kitabu chake cha 1951 juu ya sheria za kimila za Wakamba, anaeleza namna tatu za ardhi: "weu", yaani nchi ya wazi ambamo kila mtu huchunga, "kisesi", malisho ambayo mtu amejitengea, na "ng'undu", shamba lililolimwa na kumilikiwa, ambalo hurithishwa. Msomaji ataona kwamba tofauti ya namna hizi haiko katika ukubwa wa eneo, iko katika nguvu ya mpaka. Weu haina mpaka wa mtu. Kisesi ina mpaka unaotegemea matumizi. Ng'undu ina mpaka unaodumu hata mwenyewe akiondoka. Afisa aliyefika na neno moja la Kiingereza, na mkalimani aliyefika na fungu moja la Kiswahili, walikuta lugha iliyokwisha kupanga mipaka kwa madaraja. Na ubishi ulipokuwa mkubwa mno, wazee walikuwa na kiapo cha "kĩthĩtũ", ambacho mtu hakukila juu ya mpaka asioujua. Kiapo cha namna hiyo hakina maana isipokuwa mpaka ni ukweli wa kushuhudiwa. Hakuna anayeapa juu ya kitu ambacho afisa atakileta kesho.

Wananchi wenyewe, ni vema kukumbuka, hawakulipenda sana fungu "weka mpaka". Walichokitumia, na wanachokitumia hata leo kote nchini Kenya, ni kupima: shamba limepimwa, amepimiwa shamba, huku bado hakujapimwa. Kikamba husema "kũthima" kwa maana hiyohiyo. Chaguo hili la umma lina busara kuliko la kamusi. Kinachopimwa lazima kiwepo. Tena umbo la kutendewa la "pimiwa" humweka mwenye shamba katikati ya sentensi, na mpimaji pembeni, jambo ambalo "wekewa mipaka" haliwezi kulifanya, kwa kuwa aliyewekewa mipaka ni mtu aliyezuiwa. Mtoto mtundu huwekewa mipaka. Kauli ya kutendea imegeuza maana yote, na bila kutarajiwa imempatia Mswahili tafsiri nzuri ya "limit": kuwekea mipaka, au kuwekea kikomo. Upungufu wa "pima" ni kwamba hakisemi lolote juu ya alama.

Na alama ndizo zenye uzito mbele ya sheria. Sheria ya Ardhi Zilizoandikishwa ya 1963, na iliyoirithi ya 2012, zote hushika msimamo kwamba ramani ya masjala huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa rasmi. Sheria ya 2012 yaagiza pia kwamba ubishi wa mpaka upelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza, na humtaka mwenye shamba azitunze alama za mpaka wake. Maana yake, katika nchi ya Kilungu, safu ya mkonge au ya minyaa iliyopandwa na marehemu babu yaweza kuwa na sauti kubwa kuliko mstari wa wino ulioko ofisini. Mwenye kuing'oa amefanya kosa la jinai. Ni vigumu kuyaeleza haya kwa mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba mpaka "uliwekwa" na serikali, kwani yeye ataamini kuwa mpaka wa kweli uko kwenye karatasi, na mkonge ni pambo.

Inafaa kutaja pembeni kwamba biashara ya maneno katika vilima hivi haikuwa ya upande mmoja. Katika Machakos ya zamani, matuta yanayochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro yaliitwa "fanya juu", na jina hilo, kitenzi na kielezi cha Kiswahili vikiwa pamoja, liliingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo na kuenea hadi nchi za mbali. Wataalamu hao hawakujaribu kulitafsiri. Waliona kwamba neno la wenye kazi latosha.

Na jambo jingine dogo. Majina Nunguni, Mbooni na Makueni yote yana kiambishi cha mahali "-ni", ambacho Kikamba na Kiswahili hushirikiana. Kiambishi hiki humwambia msikilizaji kitu kiko wapi, wala hakimwambii kinakoishia. Mtu yuko Nunguni. Nunguni inakoma wapi, jina halisemi. Hilo ni la mtawala kuuliza, na mtawala ameuliza mara nyingi. Wilaya ilitengwa na Machakos 1992, ikawa kaunti chini ya Katiba ya 2010. Mto Athi huitenga na Kitui, na kwa kuwa mto hujionyesha wenyewe, hapo hapakuhitaji neno. Konza, ambako Makueni, Machakos na Kajiado zinakutana, hapana mto, na ubishi umekuwapo.

Kalamu na jiwe

Kitenzi "delimit" kimepata makao nchini Kenya katika mambo ya uchaguzi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinahusu mipaka ya maeneo ya uwakilishi, na kazi hiyo ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ambayo taarifa ya 2012 ilithibitisha maeneobunge 290 na wadi 1,450. Hapa wanahabari wa Kiswahili wamefanya vizuri kuliko wanakamusi. Wao husema tume "inachora" au "inachora upya" mipaka. Kitenzi "chora" kinafaa kabisa, kwa kuwa mipaka ya uchaguzi ni mipaka ya karatasi. Hakuna anayepanda mkonge kati ya wadi na wadi. "Chora" pia humkumbusha msomaji kwamba kuna mkono ulioshika kalamu, na kwamba kalamu yaweza kupinda.

Katika vyuo vikuu hali si nzuri hivyo. Tasnifu nyingi za Kiswahili nchini Kenya zina sehemu iitwayo "Upeo na mipaka ya utafiti". Chini ya anwani hiyo mwanafunzi huandika kwamba atashughulikia riwaya mbili tu za mwandishi fulani, na katika aya inayofuata huandika kwamba hakupata fedha za kusafiri. La kwanza ni mpaka aliouchora kwa hiari. La pili ni kikwazo kilichomkuta njiani. Kiingereza cha vyuo hutenga mambo haya kwa nomino mbili zinazofanana sana, na mfasiri wa kwanza wa anwani hiyo, yeyote aliyekuwa, aliona mipaka tupu. Neno "vikwazo" lipo na halimgharimu mtu kitu. Kuacha mambo hayo mawili yakae pamoja ni kumfundisha mtafiti kijana kwamba uamuzi wake na bahati mbaya yake vina hadhi moja.

Wataalamu wa istilahi wana sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Neno la Kiingereza "term" latokana na "terminus" la Kilatini, yaani jiwe la mpaka. Warumi walikuwa na mungu wa jina hilo, mlinzi wa mawe ya mashambani. Neno "istilahi" latokana na Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa "suluhu", na maana yake ya asili ni jambo lililoafikiwa. Kwa Mwingereza, istilahi ni jiwe lililosimikwa. Kwa Mswahili ni mapatano. Kwa hiyo pendekezo la istilahi mpya lisilofikishwa kwa wenye kuitumia halistahili hata kuitwa kwa jina hilo.

Kwa msingi huo yafaa kukataa mapema vitenzi vya kubuniwa ambavyo mtu angeweza kuvipendekeza. "Kupakanisha", kwa mfano, kimeundwa kihalali kwa kanuni za mnyambuliko, lakini maana yake ingekuwa kuvifanya vitu viwili vipakane, yaani kuvileta karibu, ambayo karibu ni kinyume cha inayotakiwa. "Kubainisha mipaka" ni safi, ila kina udhaifu wa kuwa kwa maneno tu. Mtu aweza kubainisha mipaka akiwa amekaa kitini. "Kuainisha mipaka", kinachopendwa katika ofisi za Tanzania, kina udhaifu huohuo. Ofisi hizo hutumia pia "uhakiki wa mipaka" kwa kazi ya kwenda kijijini kuthibitisha mpaka pamoja na majirani wakiwapo. Walimu wa fasihi, ambao wamelizoea neno uhakiki katika kazi yao wenyewe, wangefanya vema kulitazama tumizi hilo bila dharau. Mhakiki wa mpaka hauumbi mpaka. Huenda ulipo, huuliza wanaoujua, kisha huandika alichokikuta.

Kinachobaki kwa "demarcate", katika maana yake ya kitaalamu, ni "kutia alama mpaka", na pale penye mawe au nguzo, "kusimika alama za mpaka". Ni maneno mengi kuliko kitenzi kimoja cha Kiingereza. Hilo si aibu. Afisa wa sheria ya 1968 angeitwa kwa usahihi afisa wa kutia alama mipaka, na mkulima angejua papo hapo kwamba mpaka ni wake na alama ni ya serikali.

Jambo hili lina haraka zaidi Tanzania kuliko Kenya. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama huko, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinatafsiriwa. Mfasiri atakutana na "limit", "delimit" na "demarcate" katika sheria za ardhi, za misitu, za madini na za serikali za mitaa, mara nyingine katika kifungu kimoja. Katiba ya 1977 yenyewe, katika ibara ya 30, hutumia neno "mipaka" kwa habari ya haki na uhuru wa mtu, yaani kwa maana ya "limit", na neno hilohilo hutumika kwa kijiji na kwa hifadhi ya wanyama. Kenya, kwa upande wake, imejiwekea kinga ambayo pia ni kizuizi: kifungu cha 259 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshika. Maadamu kifungu hicho kipo, mkulima wa Nunguni anayesoma Kiswahili cha Katiba yake anasoma matini ambayo haiwezi kumtetea dhidi ya ile ya Kiingereza, hata pale ambapo mfasiri amekosea kitenzi kimoja tu.